Begi mgongoni kutoka Mtwara hadi Malawi: maswali mnayoniuliza kila mara

Tangu nirudi kutoka Malawi na lile begi langu la kijani, maswali ni yale yale: sokoni, kwenye bajaji, msibani, hata kwenye foleni ya benki. Nimechoka kujibu nusu nusu. Haya hapa yote kwa pamoja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku. Mimi ni mzaliwa wa Masasi, naishi Mtwara mjini, na safari hiyo niliifanya peke yangu kwa basi.

Hosteli si za wanafunzi?

Kwetu ndiyo. Ukimwambia mtu wa Mtwara "nimelala hosteli", anajua umerudi chuo. Huko nje, hosteli ni nyumba ya wageni inayouza kitanda badala ya chumba. Unalipia kitanda kimoja kwenye chumba chenye vitanda vinne, sita au kumi. Bafu ni la wote, jiko la wote, na baraza ndipo maisha yalipo.

Kama umesoma bweni, iwe Ndanda au kwingine kokote, hosteli unaijua tayari. Tofauti ni kwamba hakuna kengele ya saa kumi na moja, hakuna matroni, na unaondoka siku unayotaka. Dabo deka ni lile lile. Ukichelewa kufika unapewa cha juu, ni vile vile. Hata kufuli ni lile lile: kuna kabati dogo au sanduku la mbao chini ya kitanda, na kufuli unakuja nalo mwenyewe. Mimi nilikwenda bila kufuli. Usiku wa kwanza nililala na pasi ya kusafiria ndani ya foronya, simu ndani ya soksi, soksi mguuni. Asubuhi nilinunua kufuli dukani, na ndilo ninalofungia banda la kuku mpaka leo.

Kuna tofauti gani basi na gesti?

Gesti ya kwetu unapokelewa na lile daftari kubwa lenye mistari: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, kazi, namba ya kitambulisho, sahihi. Kisha unapewa ufunguo, kandambili na kipande cha sabuni, unafunga mlango, hakuna anayekujali hadi muda wa kutoka. Hosteli wanaandika pasi tu, wala hawaulizi kabila, lakini kabla hujavua viatu watu watano wameshakuuliza umetoka wapi. Taulo mara nyingi huna, sabuni huna. Chandarua kipo, kikague matundu kabla ya giza, sindano na uzi vikae mfuko wa mbele.

Kama unataka kulala na kufikiri mambo yako, chukua gesti. Malawi zimejaa, wanaziita resthausi, na pengine ni rahisi kuliko hosteli. Hosteli ni ya anayesafiri peke yake na hataki kula peke yake.

Mbona usiende Msumbiji? Ni hapo ng'ambo ya Ruvuma.

Ni hapo, kweli. Kilambo si mbali na Mtwara mjini, na kule Nanyumbu kuna Daraja la Umoja la Mtambaswala, lililofunguliwa 2010. Wamakonde wako pande zote mbili na wanaoana. Lakini ng'ambo hiyo ni Cabo Delgado, ambako mashambulizi yalianza Oktoba 2017, na Machi 2021 mji wa Palma, jirani zetu kabisa, ulivamiwa. Upande wetu nako, kijiji cha Kitaya kilishambuliwa mwaka 2020. Mwenye ndugu au biashara ana sababu zake na anajua njia zake. Mtu wa matembezi na begi mgongoni hana sababu ya kutosha. Nitakwenda siku nikisikia wavuvi wa Msimbati wanasema kumetulia, kwa sababu hao hawaandiki ripoti, wanaangalia tu nani anarudi.

Unapita njia gani?

Watu wengi wa huku wanadhani lazima upande Dar kwanza ndipo ugeuke. Si lazima. Barabara ya Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea yote ni lami sasa. Wanaokumbuka Masasi hadi Tunduru enzi za vumbi na malori yaliyokwama siku tatu watakuambia maana yake. Basi la alfajiri linakufikisha Songea siku hiyo hiyo, usiku ukiwa umeingia au unaingia. Lala hapo. Kesho yake unapanda hadi Njombe na Makambako, unakata kushoto kwenda Mbeya. Lala tena. Siku ya tatu unashuka Tukuyu hadi Kasumulu, mpaka wetu na Malawi kwenye mto Songwe.

Siku tatu ni nyingi, sikatai. Lakini ukipita Dar nako ni mbili na zaidi, na hutaona Tunduru.

Njia hii si mpya, ila tunaipita kinyume. Misafara ya Wayao ilitoka Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa, ikashukia Kilwa, Lindi na Mikindani. Livingstone aliondokea Mikindani mwaka 1866, akafuata Ruvuma hadi ziwani, na pale Mikindani kuna kibao cha kumkumbuka. Kwa wale wapagazi waliombebea mizigo sijawahi kuona kibao.

Na boti ya kutoka Mbamba Bay?

Kwenye ramani inavutia: Songea, Mbinga, Mbamba Bay kwa lami, kisha ng'ambo ya ziwa ni Nkhata Bay ya Malawi. Usijenge safari juu yake. Kuna siku inapatikana, kuna wiki haipatikani, na ziwa likichafuka hakuna anayeondoka. Ukipata, hakikisha umegongewa muhuri wa kutoka kwetu kabla ya kupanda na wa kuingia kwao ukishuka. Ukishuka ufukweni kimya kimya na mizigo ya dagaa, wewe ni mhamiaji haramu hata kama ulilipa nauli.

Nyaraka zipi?

Pasi ya kusafiria. Ombi linafanyika kwa mtandao, unakwenda ofisi ya uhamiaji ya mkoa na kitambulisho cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo, na picha. Ada niliyolipa ilikuwa shilingi 150,000 kwa jumla. Kinachochelewesha watu wa huku si ada, ni cheti cha mzazi, maana wengi wazee wao walizaliwa shambani na hakuna aliyeandika. Anza na hilo, miezi mitatu kabla.

Mtanzania haombi viza kwenda kutembea Malawi. Unagongewa muhuri mpakani. Soma siku ulizoandikiwa hapo hapo dirishani.

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, beba. Ukichomwa mara moja inatosha maisha yote, kanuni ilibadilika 2016, kwa hiyo kadi ya zamani ambayo tarehe zake zimepita bado ni halali. Ukikutana na askari asiyejua hilo, ongea naye polepole.

Pesa nibebe vipi?

Hapa ndipo nilipoliwa, kwa hiyo nitaeleza vizuri.

Pale mpakani, hujashuka vizuri, vijana wa chenji wameshakuzunguka na mabunda ya kwacha, pesa ya Malawi. Mmoja alinipa bei nzuri kuliko wenzake. Akahesabu mbele yangu, noti moja moja, sawa kabisa. Nikahesabu mwenyewe, pungufu noti moja. Akasema samahani dada, akazichukua, akaongeza noti ile mbele ya macho yangu, akanirudishia bunda limefungwa raba. Nikaweka mfukoni. Nilipofungua Karonga, mji wa kwanza mkubwa ukishavuka, theluthi moja haipo: alipozichukua mara ya pili alikunja za chini kiganjani akabaki nazo. Kosa langu ni moja tu, sikuhesabu mara ya tatu. Zikishaondoka mkononi mwako, hata kwa sekunde moja, hesabu upya. Na anayekupa bei nzuri kuliko wote jiulize faida yake anaipata wapi.

Badilisha kidogo tu ya kukufikisha Karonga au Mzuzu. Usibadilishe zote, kwacha inashuka sana, Novemba 2023 ilishushwa thamani kwa asilimia 44 kwa siku moja. Dola chache, mpya na ambazo hazijachanika, ni akiba. Kadi ya benki yenye Visa inafanya kazi kwenye mashine za miji mikubwa, ikiwa mashine ina pesa. Pesa zako za kwenye simu ya Tanzania zihesabu kama ziko nyumbani. Wao wana Airtel Money na Mpamba zao, na laini unasajili kwa pasi.

Jumla itanigharimu kiasi gani?

Kitanda cha hosteli kilikuwa kama dola 10 kwa usiku, penginepo pungufu. Chakula cha mtaani hakitishi. Kinachokula pesa ni nauli, hasa zile za ndani ya Tanzania kwenda na kurudi. Piga hesabu ya nauli kwanza, zidisha kwa mbili, kilichobaki gawa kwa siku.

Begini kuna nini?

Kanga mbili. Hiyo ni shuka, taulo, pazia la dabo deka, mkeka wa ufukweni na stara ya kuendea bafuni. Wazungu niliowakuta walikuwa na kitaulo maalumu kinachokauka haraka, cha bei mbaya, na wawili kati yao waliishia kuniuliza kanga inauzwa wapi.

Mengine: kufuli, kandambili, tochi ya kichwani maana umeme unakatika, dawa, nguo tatu, sweta. Sweta usidharau. Sisi wa pwani tunadhani baridi ni Julai ya Mtwara. Shuka Makambako saa kumi alfajiri ndipo utajua. Chaja yako itaingia bila adapta, soketi zao ni kama zetu.

Na korosho kilo mbili. Kwenye jiko la hosteli, anayekuja na korosho za kukaanga hanyimwi chumvi, mafuta wala sufuria.

Lugha nitaongea nini?

Karonga Kiswahili kinapita. Kadiri unavyoshuka kinapungua, unabaki na Kiingereza cha kuombea maji. Kaskazini ni Kitumbuka, asante yao ni "yewo". Kwingine Kichewa: "muli bwanji?" ni habari yako, "zikomo" ni asante. Nyumba ni nyumba, moto ni moto, maji ni "madzi". Wiki moja inatosha kujua wanakusema nini.

Lakini subiri ufike Mangochi, kule kusini. Bibi yangu ni Myao wa Masasi, na mimi Kiyao nakisikia, kukisema ni aibu. Nilishuka stendi ya Mangochi, mama mmoja anauza samaki akamkaripia mwanawe kuhusu maji, nikageuka kabla sijajua kwa nini nimegeuka. Kilikuwa Kiyao cha jikoni kwetu. Nchi ya kigeni, baada ya mabasi yote niliyopanda, na nakaripiwa kwa lugha ya bibi.

Mimi ni Mwislamu. Jikoni na swala itakuwaje?

Swali zuri, na hakuna aliyeniambia kabla sijaenda. Jiko la pamoja maana yake sufuria za pamoja, na jana yake huenda kulikaangwa nguruwe. Beba kisufuria chako kidogo na kijiko, au kula nje. Kaskazini Waislamu ni wachache, uliza mgahawa kwa watu wa msikitini wenyewe. Kusini, Mangochi, ni kama uko Lindi: misikiti kila kona, kofia, salamu, na nyama huulizi mara mbili. Kibla ni kaskazini, kama nyumbani, kwa kuegemea mashariki kidogo.

Pombe ipo karibu kila hosteli, baa iko pale pale barazani. Hakuna anayekulazimisha. Agiza soda, wataacha kuuliza usiku wa pili.

Msichana peke yake inawezekana?

Nilikwenda. Omba bweni la wanawake. Kama ni la mchanganyiko tu, chukua kitanda cha ukutani chini, siyo cha mlangoni. Fika mchana. Hili la kufika mchana nalirudia kwa sababu mabasi yao hayaondoki mpaka yajae, na safari ya saa tatu inakuwa ya saa saba.

Kila kizuizi cha polisi, na viko vingi, kuna atakayeuliza mume yuko wapi. Mimi wangu alikuwa mbele, ananisubiri Mzuzu. Alikuwa Mzuzu, kisha akawa Lilongwe, kisha Mangochi. Mwanamume mvumilivu sana yule, sijawahi kumwona.

Usafiri wa ndani?

Minibasi, zimejaa kama daladala zetu za zamani. Kwenye njia za vijijini kuna matola, pikapu unayopanda nyuma juu ya magunia. Ni rahisi na ni hatari, chagua gunia la katikati. Kabaza ni baiskeli au pikipiki ya abiria. Mafuta huadimika mara kwa mara, na yakiadimika nauli inapanda hapo hapo stendi. Weka siku mbili za akiba, hasa za kurudi.

Niogelee ziwani?

Maji ni mazuri mno kukataza, lakini kichocho kipo. Konokono wake wanakaa kwenye majani na maji yaliyotulia karibu na vijiji. Ogelea penye miamba na maji ya kina, jifute papo hapo, na ukirudi usiende kudai dawa kesho yake. Vidonge vinafanya kazi vizuri minyoo ikishakomaa, wiki sita hadi nane baadaye. Mweleze daktari umeogelea wapi. Malaria unaijua. Maji ya kunywa chemsha au nunua: kipindupindu cha kuanzia 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 Malawi.

Na bangi, wanaiita chamba, utaletewa ufukweni na vijana wachangamfu. Ni kosa la jinai. Watalii wenzako watakuambia hakuna shida. Wao balozi zao zinapokea simu haraka.

Chakula?

Nsima ni ugali, huna haja ya kufundishwa. Samaki: chambo ndiye bwana mkubwa, usipa ndio dagaa. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza kondowole, ugali wa muhogo wa watu wa Nkhata Bay, mzito, unavutika. Mtu wa Mtwara akiuona anakaa vizuri. Pili, "zitumbuwa". Nilisikia jina nikafurahi, vitumbua! Nikanunua vinne kwa mama mmoja pembeni ya barabara. Ni ndizi mbivu zilizopondwa na unga wa mahindi, zimekaangwa zikawa kahawia iliyoiva, ndani laini, mchele hakuna hata punje. Nilihisi nimedanganywa hadi cha pili. Cha tatu na cha nne nilivila nikitembea.

Kuna nini cha kuona zaidi ya maji?

Karonga ingia makumbusho. Wameunda mifupa ya Malawisaurus, dinosaria, yaani mjusi mkubwa wa kale, aliyechimbwa wilaya hiyo hiyo, na watoto wa shule wanamwona. Nilisimama pale nikamkumbuka wa Tendaguru, wetu wa Lindi, aliyechimbwa 1909 hadi 1913 na bado amesimama Berlin. Sikukaa sana.

Livingstonia, mji wa misheni juu mlimani, panda kwa miguu ukiwa na mapafu. Likoma ukipata meli: Ilala imo ziwani tangu 1951 na inapumzika inapotaka yenyewe. Kisiwani kuna kanisa kuu la Waanglikana kubwa kuliko akili inavyotegemea, lililoanza kujengwa 1903 na misheni ile ile iliyofika Masasi 1876. Askofu Chauncy Maples alifanya kazi Masasi na Newala kabla ya kwenda huko, na 1895 alizama ziwani. Wazee wa Masasi jina hilo wanalijua.

Ziwa wenzetu wanaliita Malawi, sisi Nyasa. Ukiwa kwao, sema "ziwa".

Niende lini?

Mei hadi Oktoba. Tatizo letu ni kwamba hela ya korosho inaingia Oktoba kwenda mbele, na mvua nazo zinaingia Novemba. Kwa hiyo ama uwe mtu wa kuweka akiba hadi Juni, ama ulowe. Juni na Julai ziwa lina upepo mkali wa kusini mashariki, wanauita mwera. Ni kusi yetu imepanda milima.

Mama anasema kutembea bila shughuli ni uzururaji. Nimwambieje?

Wangu alisema hivyo hivyo. Nilimwambia naenda kuangalia bei za vitenge, na vitenge vinne nikaleta, kwa hiyo si uongo. Kwa bibi sikuhitaji sababu. Alitaka kujua tu kama kweli Wayao wako huko. Yule mama muuza samaki wa Mangochi alikubali nimrekodi kwenye simu, akaongea dakika mbili kuhusu bei ya chambo na jua. Bibi aliisikiliza mara tatu, simu sikioni kama redio. Akasema huyu si Mmalawi, huyu ni wa Tunduru, mwambieni arudi.